Marinda ya Kennywood

Sketi ya Kislovakia iliyotundikwa ukutani haisemi lolote. Inaning'inia nzito, imejikunja, rangi zake zimelala, na mtazamaji asiyeijua ataipita aende kutazama kitu kingine. Mvalishe msichana, mpe wenzake washikane mikono kwa duara, fidla ianze, na hapo marinda yote yanafunguka kwa pamoja. Pindo linajitenga na miguu, linapanda, linazunguka lenyewe likiwa limenyooka kama meza. Aliyeikata nguo hiyo alijua kabla ya kushika mkasi kwamba itazunguka. Kila kipimo alichokichukua, kila kunjo alilolibana kwa kucha, alilifanya kwa ajili ya mzunguko huo ambao haudumu hata dakika moja. Ufundi wa namna hii, unaokubali kujificha siku zote na kujitokeza wakati wa ngoma tu, ndio ninaotaka kuusifu hapa, nao unastahili kusifiwa taratibu.

Nje ya Slovakia yenyewe, pahala pazuri pa kuuona ni bustani kongwe ya burudani iitwayo Kennywood, katika mji wa West Mifflin, jirani na Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani. Bustani hiyo ilianzishwa mwaka 1898 na kampuni ya tramu iliyotaka watu wawe na sababu ya kupanda tramu hata siku ambazo hawaendi kazini. Imekaa juu ya genge, na chini yake unapita mto Monongahela. Ng'ambo ya mto ni mji wa Braddock, na pale Braddock kimesimama kiwanda cha chuma cha Edgar Thomson, ambacho Andrew Carnegie alikianzisha mwaka 1875 na ambacho bado kinafanya kazi. Humo bustanini, tangu miaka ya 1920, hufanyika Siku ya Waslovakia kila Julai. Husaliwa misa, vikundi vya ngoma hupanda jukwaani, waimbaji huimba kwa lugha ambayo wajukuu wengi hawaisemi tena, na watu hula pirohi, yaani maandazi ya kuchemsha yaliyojazwa viazi na jibini au kabichi. Jamaa wengine nao walipata siku zao pale: Wakroatia, Waitaliano, Warusini waliotoka milima ileile ya Karpati. Ya Waslovakia ni miongoni mwa zilizodumu muda mrefu zaidi.

Kuna jambo moja kuhusu mahali hapa ambalo mgeni hawezi kulijua asipoambiwa. Waslovakia hawakuichagua Kennywood kwa mandhari yake. Kiwanda kile cha ng'ambo ndicho kilichowaita. Walianza kufika kwa wingi kuanzia miaka ya 1880, wengi wakitoka mikoa ya mashariki ya nchi yao, Šariš, Zemplín na Spiš, wakulima wa mashamba yaliyogawanywa kati ya ndugu mpaka hayalishi mtu tena. Walisukuma toroli la madini, walikoroga vyungu vya chuma kilichoyeyuka, walifanya kazi saa 12 kwa siku, na kila baada ya majuma mawili, zamu ya mchana ilipobadilishana na ya usiku, mtu alikaa kazini saa 24 mfululizo. Utaratibu huo wa saa 12 haukuachwa na kampuni ya chuma mpaka mwaka 1923. Thomas Bell, mwandishi aliyezaliwa Braddock mwaka 1903 katika familia ya Kislovakia, aliyaandika maisha hayo ya vizazi vitatu katika riwaya yake Out of This Furnace, iliyotoka mwaka 1941. Basi aliyepanda jukwaani Kennywood miaka ile ya mwanzo, akageuza shingo, aliliona dohani lake la kesho. Nguo aliyovaa haikuwa pambo la sherehe tu. Ilikuwa ushahidi kwamba kabla ya kuwa mkono wa kiwandani alikuwa mtu wa kijiji fulani, na kijiji hicho kilikuwa na mshono wake.

Kule walikotoka, mshono huo ulibeba mzigo mkubwa. Ardhi ya Waslovakia ilikuwa chini ya Ufalme wa Hungaria, na serikali ilitaka wote wawe Wahungaria kwa lugha na kwa moyo. Shule zao tatu za sekondari zilifungwa mwaka 1874 na 1875. Matica slovenská, chama chao cha utamaduni, kilifungwa mwaka huo wa 1875. Chama cha wanawake, Živena, kilichoanzishwa mwaka 1869, kiliachwa, pengine kwa sababu wakubwa hawakuona hatari yoyote kwa wanawake wenye sindano. Mwaka 1887 wanawake hao walifanya maonyesho makubwa ya darizi katika mji wa Martin. Vitambaa vilitoka katika makasha ya vijijini vikakaa mbele ya macho ya watu waliosoma, na watu hao wakaona kwa mara ya kwanza utajiri uliokuwa ukishonwa gizani. Mimi nayahesabu maonyesho yale kuwa tukio la kisiasa kama mkutano wowote wa hadhara. Watu walionyimwa shule walionyesha kile ambacho mama zao walikuwa wakikifundisha bila kuomba kibali cha mtu.

Lakini tuirudie nguo, tuanze pale inapoanzia, shambani. Kitani hakikatwi kama ngano. Hung'olewa pamoja na mizizi, ili nyuzi zibaki na urefu wake wote. Hulowekwa katika maji au hutandazwa penye umande mpaka ganda lioze, hukaushwa, hupondwa, kisha huchanwa kwa vitana vya misumari mpaka yabaki manyoya marefu, laini, ya rangi ya majani makavu. Majira ya baridi, giza likiingia mapema, wasichana walikusanyika katika nyumba moja kusokota. Mikutano hiyo ya jioni ilikuwa shule na baraza kwa pamoja: nyimbo zilifundishwa hapo, wachumba walichungulia hapo, na uzi uliendelea kurefuka. Baada ya kufumwa, nguo ilitandikwa kwenye nyasi, ikanyunyiziwa maji tena na tena, jua likaila rangi ya majani mpaka ikawa nyeupe. Mwaka mzima ulikuwa umekwisha kabla ya mtu kutia sindano uzi.

Ukilijua hilo utaelewa kwa nini ukataji wa zamani una nidhamu kubwa. Upana wa nguo uliamriwa na kitanda cha mfumi, na kitanda hicho kiliamriwa na umbali ambao mikono yake iliweza kurushiana kibiringo. Hakuna aliyethubutu kuukata mviringo kutoka katika kitambaa hicho na kuzitupa pembe zake. Shati la mwanamume na blauzi ya mwanamke vyote vilijengwa kwa vipande vya mraba na mstatili: kimoja cha kifua, kimoja cha mgongo, viwili vya mikono. Chini ya kwapa kikatiwa kipande kidogo cha mraba kilichogeuzwa pembe juu pembe chini, ili mtu aweze kuinua mkono bila kupasua nguo. Mshonaji wa kanzu wa Lamu angekitambua kipande hicho mara moja, maana naye anacho, na anakiita kikwapa. Mafundi wawili ambao hawajapata kusikiana walikabiliwa na swali lilelile, nguo nyembamba na mkono unaotaka kuinuka, wakafika kwenye jibu lilelile. Na kwa mcheza ngoma jibu hilo ni uhai. Mwanamume wa Kislovakia anapocheza odzemok, ngoma ya kuchuchumaa na kuruka huku akizungusha kishoka chembamba cha wachungaji juu ya kichwa, mkono wake unakwenda kila upande. Shati lisilo na kikwapa lingechanika kabla ya ubeti wa pili.

Upana wote uliookolewa katika ukataji ulitumiwa katika mikunjo. Mkono wa blauzi ni mpana kuliko mkono wa mtu mara kadhaa, na wote umekusanywa kwenye kiwiko au kifundo. Hapo ndipo darizi inapokaa, na watu wengi hudhani imekaa hapo kwa urembo. Itazame vizuri. Mishono inapita juu ya mikunjo midogomidogo, inaishika mmoja kwa mmoja, inaizuia isitawanyike. Pambo lenyewe ndilo nguzo. Ukilifumua, mkono mzima utaporomoka uwe mfuko. Katika kazi za mikono nilizozisoma na kuzitazama, vitu vinavyonituliza zaidi ni hivi, ambavyo huwezi kusema uzuri umeishia wapi na kazi imeanzia wapi.

Sketi ndiyo mtihani mkubwa. Inahitaji mita kadhaa za kitambaa kwenye pindo, na mita hizo zote zinatakiwa kuingia katika kiuno cha msichana. Kitambaa hulowanishwa, mara nyingi kwa maji ya wanga. Halafu fundi hukaa na kuanza kubana marinda kwa vidole, moja baada ya jingine, akiyapimia jicho. Nyuzi za muda hupitishwa kukatiza marinda, mstari juu ya mstari, zikavutwa mpaka sketi yote inakuwa fungu moja gumu. Inaachwa ikauke taratibu, kisha nyuzi zinatolewa. Asiye na subira hapa anajulikana jukwaani: marinda yake yanafunguka mengine makubwa mengine madogo, na pindo linapepea upande kama mtu anayechechemea. Ya fundi yanafunguka sawa. Kwenye pindo huongezwa utepe au mstari wa kitambaa kingine, nao si urembo mtupu, kwani uzito wake ndio unaolivuta pindo nje linapozunguka. Chini huvaliwa sketi nyingine za ndani, nyeupe, zilizotiwa wanga zikakakamaa, ambazo huibeba ile ya juu. Hesabu ya uzito na mzunguko imefanywa hapa na watu ambao hawakuwahi kuiandika.

Ngoma inayoipima hesabu hiyo ni karička, ngoma ya wasichana ya mashariki, yaani ya wilaya zilezile zilizowapeleka watu Braddock. Wasichana hushikana katika duara, hulaza miili nje kidogo, kila mmoja akimtegemea jirani asianguke, na duara linaanza kuzunguka, kwanza kwa hatua ndogo, halafu kasi inapanda mpaka nyayo hazionekani. Anayetazama kutoka chini ya jukwaa huona sketi. Anayetazama kutoka juu huona ua linalofunguka. Nadhani waliozishona walizitazama kutoka pembeni, wamesimama na wazee wenzao, macho yao yakiwa kwenye viuno, wakikagua kama mkanda umeshika.

Rangi zina habari zao, na hazifanani kijiji na kijiji. Čičmany, kijiji cha milimani ambacho nyumba zake za magogo zimechorwa nakshi nyeupe, kina darizi ya pembe na misalaba inayohesabiwa uzi kwa uzi. Hakuna mchoro unaotangulia, fundi huhesabu nyuzi za kitani chenyewe, na akikosea moja mstari wote unakwenda kombo. Detva, katikati ya nchi, hufanya kinyume. Kule hutumia sindano iliyopindwa ncha, ambayo huchomwa kutoka juu na kuuvuta uzi mnene uliokaa chini ya kitambaa, kitanzi ndani ya kitanzi, mshono wa mnyororo. Kwa sindano hiyo mkono unakwenda haraka na unaweza kupinda, kwa hiyo nakshi za Detva ni maua, mioyo na mashina yanayojikunja, njano na nyekundu zilizojaa hata kitambaa chenyewe hakionekani. Chombo kimeamua umbo. Mtu aliyezoea nguo hizi husoma kutoka mbali jukwaani nani anacheza kwa jina la kijiji gani, na wakati mwingine anasoma pia kama mchezaji ni wa kanisa gani, Mkatoliki au Mlutheri.

Halafu kuna buluu. Aproni na sketi za siku za kazi, na nyingi za sherehe pia, zilitengenezwa kwa kitambaa cha modrotlachi, buluu ya nili yenye maua meupe madogo. Namna yake ya kutengenezwa inanishangaza kila nikiifikiria, kwa sababu mchapaji hachapi rangi. Anachapa mahali ambapo rangi haitafika. Ana kibao cha mti wa peasi kilichochongwa nakshi, mara nyingi vitone vyake vimefanywa kwa misumari midogo ya shaba iliyogongwa mmoja mmoja. Anakichovya katika ugali mzito wa udongo mweupe, gundi ya mgunga na chumvi za shaba, anakigandamiza juu ya kitambaa, anakigonga kwa ngumi, anakihamisha. Maungio hayatakiwi kuonekana. Ugali ukishakauka vizuri, kitambaa huangikwa kwenye fremu ya chuma yenye kulabu, kikizungushwa ili upande usiguse upande, kikashushwa katika pipa refu la nili lililochimbiwa ardhini.

Kikiinuliwa hakina buluu yoyote. Kinatoka na umanjano wa kijani. Hewa ndiyo inayokamilisha kazi: unasimama unatazama, na kijani kinageuka mbele yako kikawa buluu, kwanza kwenye kingo. Kinashushwa tena, kinainuliwa tena, mara nyingi kadiri fundi anavyotaka buluu iwe nzito. Mwisho huoshwa katika maji yenye asidi kidogo, ule ugali unatoka, na maua meupe yanajitokeza, safi, kila moja mahali pake. Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza kazi hii katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la pamoja la Slovakia, Ucheki, Austria, Ujerumani na Hungaria. Karakana zilizobaki ni chache. Lakini aproni moja ya modrotlachi iliyotunzwa inaweza kuvaliwa na vizazi, na ikipauka inapauka vizuri.

Nimesema tuusifu ufundi taratibu, na sifa ya kweli inatakiwa iweze kutofautisha. Si kila nguo inayopanda jukwaani Julai ni ya urithi, na si lazima iwe. Wahamiaji wa kwanza walikuja na fungu moja, na mjini haraka sana wakavaa koti na kofia za Kimarekani, kwa sababu nguo ya kijijini ilimtangaza mtu kuwa mgeni wa kutukanwa. Nyingi za nguo za sasa zilishonwa baadaye, na vikundi vya ngoma, kwa mifano iliyotoka Slovakia. Huko nyumbani nako, baada ya Vita Vikuu vya Pili, iliundwa taasisi ya kulinda kazi za mikono za wananchi, ÚĽUV, na mwaka 1949 likaundwa kundi la taifa la ngoma, SĽUK. Pittsburgh ina Tamburitzans, kundi la ngoma za Ulaya ya mashariki lililoanzishwa mwaka 1937, lenye makabati ya mavazi ya kuonewa wivu. Jukwaa likaleta matakwa mapya. Nguo ya kijiji ilishonwa isomwe kwa umbali wa mkono, kanisani, na jirani mwenye jicho kali. Nguo ya jukwaa inasomwa kutoka viti vya nyuma. Kwa hiyo maua yamekuwa makubwa, uzi umekuwa mnene, rangi zimeongezwa sauti, na mashine imeingia.

Sina ugomvi na mashine pale inapomwezesha mtoto wa miaka saba kupata kizibao cha kuchezea. Ila fundi humjui kwa upande wa mbele. Geuza pindo uone mgongo wa darizi. Mashine huacha nyuma uzi mweupe wa pili, mstari mfu usiobadilika. Mkono usio hodari huacha mafundo na nyuzi zinazoruka kutoka ua hadi ua kwa njia ya mkato. Mkono hodari huacha mgongo ambao ungeweza kuvaliwa nje. Sababu yake si majivuno peke yake. Nyuzi zinazoruka hunasa kwenye kucha, na nguo inayochezwa huvaliwa kwa haraka, katika giza la nyuma ya jukwaa, na mchezaji mwenye jasho. Mgongo safi ni nguo itakayoishi.

Na jasho la Julai huko Pennsylvania si mchezo. Kizibao cha sufu, mkanda mpana wa ngozi wenye vifungo vya shaba, mabuti, shati la kitani, vyote juani. Kitani kinayavumilia haya kuliko pamba, hunywa unyevu na kuuachia upesi. Adui ni uzi mwekundu, ambao usipokuwa umetiwa rangi imara utachuruzika juu ya mweupe kwa siku moja tu. Wanawake wanaotunza makabati ya vikundi wanajua uzi gani ni wa kuaminika na nguo gani haiguswi na maji. Wanajua pia kukunja: sketi ya marinda hailazwi. Huviringishwa kwa urefu, ikafungwa kamba juu, katikati na chini, ikawekwa kashani kama gogo, na marinda yanakumbuka. Mpaka Julai ijayo.

Inanifurahisha kwamba watu hawa wamekaribishwa na bustani yenye tabia kama yao. Pale Kennywood kuna Jack Rabbit, reli ya mchezo iliyojengwa kwa mbao mwaka 1920, vigari vyake vikipandishwa kwa mnyororo na kuachiwa vitelemke kuelekea korongo. Mbunifu wake, John Miller, ndiye aliyesajili magurudumu ya chini ya reli yanayozuia kigari kisiruke, na bila hayo mitelemko mikali isingewezekana. Reli ya namna hiyo ni matabaka ya mbao yaliyolazwa moja juu ya jingine, na juu kabisa ukanda wa chuma. Mbao hunywa mvua na kuvimba, hukauka na kusinyaa, bolti hulegea. Kwa hiyo maseremala huitembelea kwa miguu na kuikagua, na kila msimu wa baridi hutoa mbao zilizochoka na kutia mpya. Baada ya miaka zaidi ya 100 ni vigumu kusema ubao upi ni wa mwaka 1920. Bembea kubwa ya farasi wa kuchonga, iliyotoka karakana ya Dentzel na kuletwa bustanini mwaka 1927, ina simba na chui milia miongoni mwa farasi wake, na nayo hupakwa, hukwanguliwa, huzibwa nyufa. Serikali ya Marekani iliitambua bustani hii kuwa alama ya kihistoria ya taifa mwaka 1987. Sketi za modrotlachi zinapita mbele ya vitu vya umri wake.

Kuna kipande kimoja cha vazi ambacho sijakigusa, nacho ndicho ambacho ufundi wake bado una kazi isiyo ya jukwaani. Ni chepetsi, kofia ndogo ya mwanamke aliyeolewa. Msichana hufunga riboni au huvaa taji liitwalo parta, nywele zikionekana. Siku ya arusi, usiku ukishakuwa mkubwa, taji huondolewa na wanawake wazima humvika bi arusi kofia hiyo ya kwanza, huku wakiimba nyimbo za kazi hiyo. Kofia yenyewe ni ndogo kuliko viganja viwili vilivyofunguliwa, lakini mafundi waliimwagia kila walichokijua: lesi ya vijiti, nyuzi za dhahabu katika miji ya magharibi kama Trnava, darizi nyembamba kiasi cha kuhitaji macho ya ujana na subira ya uzee.

Magharibi ya Pennsylvania, katika kumbi za arusi za miji ya chuma, sehemu ya desturi hiyo inaendelea. Bendi hupiga, wageni hupanga foleni, na kila mmoja anacheza na bi arusi mizunguko michache. Mwanamke wa ukoo anasimama kando ya duara ameshika aproni kwa pembe zake mbili, na kila anayetaka kucheza anatumbukiza noti kwanza. Shela hutolewa, kitambaa cha kichwa hufungwa mahali pake. Bwana arusi anatakiwa apenye ukuta wa wanaume na wanawake waliomzunguka mkewe, amnyakue, waondoke. Aproni inakunjwa ikiwa na fedha ndani, na mwanamke aliyeishika anakagua kama kuna mshono uliofumuka.